Ardhi Nilikupa, Kura Sikukupa

Zemun, 12 Februari 2006

Dada yangu Vidosava,

Pokea salamu zetu sote, mimi, Desanka na mwanetu Ognjen. Sisi tunaendelea vizuri, ila baridi ya mto Danube mwaka huu inaingia hadi kwenye uboho. Magoti yako je? Ng'ombe wamevuka msimu salama? Nasikia theluji imefunga barabara ya kwetu hadi mkate unaletwa na trekta.

Dada, niende kwenye shughuli. Mei ishirini na moja tunapiga kura, Montenegro ijitenge na Serbia au isijitenge. Nasema tunapiga, kwa sababu jina langu bado liko kwenye daftari la wapiga kura la kijijini, kwenye nyumba ya marehemu baba. Miaka thelathini niko huku Serbia kwenye kazi ya reli, lakini kitambulisho changu sijakibadilisha, na nilijua siku moja kitanifaa.

Wakubwa wa Umoja wa Ulaya kule Brussels wamesema wanaotaka kujitenga lazima wafikishe asilimia hamsini na tano. Kwa hiyo kila "hapana" ni jiwe kwenye mzani. Nakutegemea. Ulikuwa mwalimu, bonde zima linakusikiliza. Waulize, nchi ya watu laki sita itasimama kwa miguu ipi? Wamontenegro, Waserbia, Wabosniaki, Waalbania, Wakroatia, kila mmoja na kanisa lake au msikiti wake. Waache peke yao uone kama hawatagombana kabla ya chakula cha mchana.

Wasafiri wa kura watapanda treni bure. Nitafika kwako, unipikie ule ugali wetu wa viazi na jibini.

Neno dogo kabla sijafunga. Yale malisho ya mlimani, pamoja na kibanda, niliyauza vuli iliyopita kwa bwana mmoja wa Podgorica. Anataka nyumba ya kufikia watu wanaoteleza kwenye theluji. Sikutaka kukusumbua, na kwa magoti yako nilijua huna haja nayo tena.

Mdogo wako,
Radisav


Kijijini, 26 Februari 2006

Mdogo wangu Radisav,

Salamu zimefika. Magoti yangu hayajambo, ahsante kwa kuyauliza. Yalinipandisha mlimani Juni iliyopita na ng'ombe wangu watatu, yangenipandisha na Juni hii. Nilikuwa nimeshamwambia Hajro anitengenezee ndoo mpya ya maziwa. Leo nimemwambia aache, na aliponiuliza kwa nini, niliona haya kumjibu. Nimwambie nini jirani yangu Mwislamu, ambaye dada zake wanne walimwachia yeye kila kitu, na hadi leo hakati hata mti bila kuwapigia simu?

Neno dogo, unasema. Kabla ya kufunga.

Unakumbuka baba alipofariki, tulivyokaa mbele ya hakimu? Alinigeukia akaniuliza, "Mama, unachukua sehemu yako?" Sheria ilinipa nusu. Nikajibu kama mama yetu alivyojibu, na bibi yetu kabla yake: "Nina kaka, sihitaji ardhi." Nikaweka sahihi. Ulinikumbatia pale pale mahakamani ukilia, ukaapa mbele ya watu kwamba nyumba na malisho ni yangu maadamu ninapumua. Hakimu mwenyewe alipenga kamasi.

Kwetu mwanamke anayedai urithi kwa kaka yake huonyeshwa kidole hadi kaburini. Sawa, mila ndivyo ilivyo. Lakini kwa kaka aliyepewa kila kitu halafu akauza mlima wa dada yake, dada akiwa amelala, mila haikuweka hata jina, kwa sababu hakuna aliyedhani atazaliwa. Shukrani ya punda ni mateke.

Kule juu ndiko ninakopumua, Radisav. Mume sina, mtoto sina. Miezi mitatu kila mwaka nilikuwa na mlima.

Kuhusu kura yako, nimefundisha jiografia tangu nikiwa msichana hadi kustaafu. Ramani ya ukutani nimeibadilisha mara tatu na darasa sijahama. Sikuwa nimeamua bado, nilikuwa nasikiliza pande zote mbili, ndiyo na hapana. Ahsante, sasa nimeamua. Ardhi nilikupa, kura sikukupa. Kama Mungu ataniweka hai hadi Mei, nitaweka mpaka wa kimataifa kati yako na mimi, wenye polisi na bendera.

Dada yako,
Vidosava


Zemun, 15 Machi 2006

Dada,

Natumaini umepoa. Sisi ni wazima.

Umenishangaza sana. Mwanamke msomi anaihukumu nchi kwa sababu ya kibanda kinachovuja! Babu yetu Gavro mwaka wa 1918 alikuwa Mweupe, alitaka tuungane na Serbia. Kaka yake alikuwa Kijani, akakataa, akaingia msituni na bunduki. Matokeo yake uliyaona kwa macho yako: nyumba moja iliyopigwa ukuta katikati, na wazee wawili, kila mmoja akisikia kikohozi cha mwenzake miaka yote, na hawakuulizana hali. Unataka tuwe vile?

Ila nimeelewa. Hata kwenye sensa ya juzi mimi niliandika Mserbia, wewe ukaandika Mmontenegro. Mama mmoja, titi moja! Desanka alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kuhusu malisho, niseme mara moja tu. Sahihi ni yako, hakuna aliyekushika mkono. Mali ni yangu kisheria, na mtu huuza kilicho chake. Wala sikuelewi unavyoyalilia. Ungemwachia nani? Mimi nina Ognjen. Wewe ungemwachia nani, ng'ombe?

Samahani kama neno ni kali, lakini ukweli ni ukweli. Mei ninakuja kupiga kura yangu, upende usipende, kwenye nyumba ya baba yangu.

Mdogo wako,
Radisav


Kijijini, 20 Aprili 2006

Mdogo wangu mpenzi Radisav,

Hujambo, na Desanka hajambo? Ognjen anaendeleaje na chuo? Mimi namshukuru Mungu. Theluji imebaki vileleni tu, mto Lim umejaa hadi kwenye mizizi ya mierebi, na miti ya plamu inachanua.

Barua yako niliisoma, nikaiweka mezani, nikaisoma tena siku iliyofuata. Umesema kweli. Ungemwachia nani, umeniuliza, na mimi jibu sina. Nimezeeka, hasira zinanichosha, na damu ni nzito kuliko maji.

Basi njoo, mdogo wangu. Kitanda chako cha utotoni nimekitandika. Paja la nguruwe la moshini nimelihifadhi, sijalikata tangu Krismasi. Pombe ya plamu ipo, ile ya mwaka baba alipofariki. Njoo na suti yako nzuri, maana watu wengi watakuwa shuleni siku hiyo na watataka kukuona. Mimi mwenyewe wamenichagua kwenye kamati ya kituo cha kura, nitakuwa mezani nikipokea vitambulisho. Hajro anakusalimu, anasema hata kama wewe ni "hapana" na yeye ni "ndiyo", kahawa ni ileile.

Usikose. Nitavunjika moyo usipokuja.

Dada yako akupendaye,
Vidosava


Zemun, 29 Mei 2006

Vidosava,

Sikusalimu.

Nilisafiri usiku kucha kwenye treni iliyojaa hadi vyooni. Watu waliimba, walilia, wazee walibusu madirisha tulipoingia milimani. Nilivaa suti. Nilifika kwako ukanibusu mara tatu, ukanikatia nyama, ukanimiminia pombe ya baba. Ulinifunga tai kwa mikono yako mwenyewe! Tukatembea wote hadi shuleni, umenishika mkono, unawasalimia watu, "Huyu hapa Radisav wetu, amekuja kupiga kura."

Halafu ukazunguka meza, ukakaa kwenye kiti chako, ukavaa miwani. Nikakupa kitambulisho. Ukapitisha kidole juu ya majina polepole, kijiji kizima kimepanga foleni nyuma yangu, na ukasema kwa ile sauti yako ya darasani: "Jina lako halipo, bwana. Kwenye nyumba hiyo anaishi Vidosava peke yake."

Bwana! Uliniita bwana!

Wale wa kamati waliniambia baadaye. Machi ulikwenda wilayani ukaapa kwamba siishi kijijini, ukaleta na mashahidi, jina likafutwa kihalali. Machi! Wakati unaniandikia mambo ya plamu kuchanua, nilikuwa nimeshafutwa. Hajro aliangalia chini. Angalau yule ana aibu.

Wale wa "ndiyo" wamevuka ile asilimia hamsini na tano kwa kura chache, hata uwanja wa mpira wa kijiji hazijazi. Kila nikisikia hesabu hiyo redioni naona kidole chako kwenye daftari.

Nisikilize sasa. Tangu leo sina dada. Nikifa usiambiwe, na ukiambiwa usije. Ulimwomboleza baba mpaka majirani wa msikitini walisimama uani wamevua kofia, na watu wanakuzungumzia hadi leo. Mimi hutaniomboleza. Kwenye jeneza langu asisimame mwanamke mwongo. Nakunyang'anya kilio changu kama ulivyoninyang'anya kura yangu.

Radisav, mwana wa Vukota


Kijijini, 10 Juni 2006

Bwana Radisav,

Natumaini afya yako ni njema na treni ya kurudi haikukuchosha.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wewe uliuza kimyakimya, mimi nikafuta kimyakimya. Wewe ulisema mali ni yako kisheria, mimi nilisema jina si lako kisheria. Sasa umeonja anavyojisikia mtu aliyeandikiwa neno dogo kabla ya kufunga barua.

Unataka nijute? Sijuti. Nililala vizuri usiku ule, nilikula ile nyama iliyobaki, nikamalizia na chupa. Wiki iliyopita bunge la Podgorica lilitangaza, sisi ni nchi. Vijana walipita barabarani wakipiga honi, Hajro akachinja kondoo, na Zumra mkewe akaniletea sahani. Ramani ya mara ya nne sitaibandika mimi, nimestaafu, ila nilikwenda shuleni kuitazama. Mpaka unapita vizuri kabisa. Mara nyingine ukija utasimama pale mpakani Dobrakovo, utoe kitambulisho mbele ya kijana mwenye bendera nyingine begani, naye atakuuliza unakwenda kwa nani. Utamjibu nini?

Bwana wako wa Podgorica amezungusha waya mlimani. Ng'ombe walipanda wenyewe kwa mazoea, wakasimama kwenye waya wakilia. Nimewauza wawili.

Kilio chako baki nacho. Sikukiomba.

Vidosava


Zemun, 3 Oktoba 2011

Dada yangu,

Sijui nianzeje, basi nianze kama zamani. Hujambo? Magoti yako? Huko kwetu plamu zimeshachumwa?

Mimi sijambo kwa mdomo tu. Ni mapafu. Madaktari wananizungumzia kwa upole, na wewe unajua daktari akiwa mpole maana yake nini. Desanka ananiambia Krismasi tutakwenda pamoja kanisani. Anageukia dirisha akisema hivyo.

Miaka mitano nimekuwa nikikuandikia barua kichwani, zote za matusi. Nyingine zilikuwa nzuri sana, ungeumia. Sikuzituma kwa sababu nilitaka wewe uanze. Najua na wewe ulikuwa unangoja mimi nianze. Tumekuwa kama babu zetu wale wa ukuta.

Sasa nimeanza. Nina ombi.

Juzi tulimzika mwenzangu wa reli. Walimaliza haraka kama watu wanaofunga duka. Kwaya ya kulipwa iliimba, kila mtu akaweka ua lake, mwingine anaangalia saa. Hakuna aliyesema marehemu alikuwa nani. Nilisimama pale nikaogopa, dada. Sikuogopa kufa, niliogopa kuondoka kimya hivyo. Kwetu hata mwizi wa kondoo ana dada wa kumlilia.

Desanka anataka nizikwe hapa, na sina nguvu ya kubishana. Lakini ule mwiko niliokuwekea nautoa. Wakikupigia simu, njoo uniomboleze kama ulivyomwomboleza baba.

Mdogo wako,
Radisav


Kijijini, 1 Novemba 2011

Radisav,

Nimepata barua. Habari ya mapafu nimeisikia, na nimewasha mshumaa. Magoti yameisha, natembea na fimbo. Ng'ombe sina tena hata mmoja.

Umetoa mwiko. Kama mfalme anayerudisha kijiji alichochoma! Uliponinyang'anya hukuniuliza, na unaponirudishia unadhani nitapiga magoti nipokee. Maji yakimwagika hayazoleki.

Umesahau kilio cha kwetu ni kitu gani, kwa sababu umekaa sana mjini. Kilio si wimbo wa kumpamba mtu. Dada anasema anachokijua, mbele ya walio hai, na hakuna wa kumkatiza, wala padri wala polisi. Baba nilimwimbia mema kwa sababu alinitendea mema. Wewe nitakuimbia nini?

Basi nisikilize kabla hujaniita. Nikija, nitayasema yote. Nitasema mahakama na machozi yako. Nitasema malisho. Nitasema "ungemwachia nani, ng'ombe?", neno kwa neno, na Desanka asikie, na Ognjen asikie, na wenzako wa reli pamoja na maua yao. Sitapunguza hata koma. Nimengoja miaka mitano mahali pa kuyasemea haya, na mahali pazuri kuliko hapo sitapata.

Kama hutaki, nizuie tena. Kuzuia unajua.

Vidosava


Zemun, 19 Novemba 2011

Dada,

Samahani kwa mwandiko, naandika nimelala.

Sema yote. Na uongeze hili ambalo hulijui. Sikuuza malisho kwa shida, nyumbani hatukuwa na shida. Mtu alikuja, alitaka kununua, na mimi nilitaka gari jipya. Rangi yake ilikuwa ya fedha. Ognjen alinikuta nalichagua kwenye gazeti nikamwambia ni bonasi ya kazini.

Lile neno la ng'ombe, nilijua linavyouma nilipokuwa naliandika. Nililiandika kwa sababu linauma. Sema na hilo.

Mimi nitakuwa nimelala kimya na kukusikiliza, mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Njoo tu.

Mdogo wako,
Radisav


Kijijini, 22 Januari 2012

Mdogo wangu Radisav,

Sikuulizi hali. Mimi ni mzima. Barua hii naituma kwa anwani ileile, Desanka akipenda aifungue, asipopenda aitupe.

Nilikuja. Pale Dobrakovo kijana wa mpakani alichukua kitambulisho changu akaniuliza, "Bibi, Serbia unakwenda kufanya nini?" Nikamwambia, "Kulipiza kisasi." Akacheka sana, akamwita mwenzake aje anione, wakanitakia safari njema.

Walikuwa wamefanya kama ulivyosema. Makoti mazuri, maua, kwaya. Padri alimaliza, wanaume wa makaburini wakashika kamba, nikasema, "Ngojeni." Nikavua kitambaa kichwani, nikampa Ognjen fimbo yangu, nikaanza kwa sauti ya kwetu. Watu wa maziko ya jirani waligeuka. Desanka alinivuta mkono akasema, "Wifi, nakuomba, huku hatufanyi hivyo." Sikumtazama.

Niliyasema yote, kama nilivyokuahidi.

"Ee Radisav, niliyekubeba mgongoni,
uliapa mahakamani ukanilowesha bega,
uliuza mlima ukanunua gari,
gari liko wapi leo likupeleke?"

Hivyo hivyo hadi mwisho. Neno la ng'ombe nililisema. Kura niliisema pia, maana kilio hakimfichi hata anayelia, na nilijiita mwongo mbele ya watu wako kama ulivyoniita. Ognjen alikuja karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, ni kweli? Na gari ni kweli?" Nikamjibu kwa wimbo kwamba ni kweli. Akaanza kulia kama mtoto, na wenzako wa reli wakavua kofia. Hakuna aliyeangalia saa, Radisav. Nililitazama hilo kwa makusudi.

Nilipata nilichokifuata. Kisasi changu kilikuwa kitamu, nisiseme uongo, kilikuwa kitamu sana.

Halafu nikafika mwisho. Mabaya yako yakaisha. Nilidhani ni mengi zaidi, nilikuwa nimeyabeba miaka yote kama mzigo wa gunia, kumbe yameisha upesi vile. Mwanamume wa kamba akaniangalia kuniuliza kama sasa washushe. Nikajua nikinyamaza tu, watakushusha. Nikatafuta kingine cha kusema. Mema yako sikuwa nimeyaandaa, niliapa sitayagusa.

Basi nikaanza kilio tena upya, kuanzia pale mahakamani.

Dada yako,
Vidosava